Pale Nilipokuwa Nikinyamaza

Mpendwa mke wangu, Mama Agnesi,

Nimemaliza. Ile kazi uliyoniachia hospitalini, ya kusali Baba Yetu yote, kuanzia juu mpaka Amina bila kuruka, nimeimaliza Jumapili iliyopita mbele ya watu, kwa sauti ambayo hata waliokuwa wanapita barabara ya Pangani waliisikia. Nakuandikia upesi kabla wengine hawajakufikishia habari kwa namna yao. Unawajua watu wa hapa. Siku hizi wanakufa mmoja mmoja, na wanakuja huko uliko na midomo yao ileile.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Katekista alikuja akaniambia, "Mzee, wewe nipe maneno, mimi nitaandika." Nikamwambia akaandike barua ya mkewe, ya mke wangu aniachie. Nikiimaliza nitasimama mbele ya jumuiya yetu ya sala niisome, wote wasikie, na wewe usikie humohumo. Mwandiko wangu unaujua, ukurasa mmoja wa daftari hauchukui maneno mengi. Lakini kila herufi imesimama kwa miguu yake, hakuna iliyomwegemea mwenzake.

Na nani alinifundisha kama si wewe? Mimi nilikuwa mkata mkonge, mtoto wa manamba wa Kinyamwezi, baba yangu aliletwa huku kutoka Tabora kwa mkataba, akasahau kurudi. Wewe ulikuwa Mbondei wa Muheza, unakuja na mama yako kambini kuuza machungwa. Nilinunua machungwa mengi kuliko tumbo langu linavyoweza kubeba. Siku uliyojua kwamba sijui kusoma hukucheka. Ulivunja mwiba wa jani la mkonge, ukachora juu ya jani lenyewe. Nilidhani utaanza na A. Ukachora V. Nikakuuliza, A iko wapi? Ukasema, "A itakuja. Kwanza jua jina la mwalimu." Veronika. Kesho yake mchoro ulikuwa umekauka, umekuwa wa kahawia, unasomeka vizuri kuliko karatasi. Nikachora V kwenye mstari mzima wa mkonge, kutoka barabara ya trela mpaka kwenye korongo, mpaka nyapara akaitisha watu wote akauliza nani anaharibu mali ya kampuni. Sikunyoosha mkono. Lakini hakukuwa na mkata mkonge mwingine aliyemwandikia mchumba wake barua ndefu kama ile, hilo nalisema leo na nitalisema tena kesho.

Nimeanza mbali, najua. Ungekuwepo ungesema, "Baba Agnesi, fika."

Nafika. Nafika kwa Sefu.

Watakaosikia barua hii na hawamjui, Sefu ni jirani yetu, Mzigua, mwuza samaki wa baiskeli. Nyumba yake na yetu zimetenganishwa na michongoma na mashimo mawili ambayo kuku wa kwetu na wa kwao wanapita bila kuulizana dini. Wewe unakumbuka tulivyokuwa. Kwetu hapa pwani Mkristo akitaka kula mbuzi na majirani zake wote, hachinji mwenyewe. Anamwita Mwislamu achinje, ndipo kila mtu anaweza kunawa. Kwetu mchinjaji alikuwa Sefu. Krismasi, Pasaka, ubatizo wa watoto, anakuja ameoga, na kisu amekifunga kwenye gazeti. Mimi nashika miguu, yeye anashika kisu. Idi ikifika ninavuka michongoma, ninashika miguu ya mbuzi wa kwake. Mbuzi wote waliokufa kati ya nyumba hizi mbili walikufa mikononi mwetu sisi wawili.

Na utani wetu, si unaukumbuka? Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu babu zetu, lakini sisi tulikuwa na wetu wa nyongeza, wa umri. Sefu anasema alizaliwa mwaka wa nzige. Mimi mama yangu alinihadithia kwamba nzige walipokuja nilikuwa tayari na meno. Basi kila asubuhi, yeye akiwa na tenga lake na mimi na panga langu:

"Mnyamwezi, nipe shikamoo yangu niende zangu."

"Wewe nipe yangu, mtoto wa nzige."

Miaka zaidi ya thelathini, na hakuna aliyempa mwenzake. Wewe ulikuwa unatucheka ukiwa jikoni. Ulisema mmoja wetu atakufa na shikamoo ya mwenzake mfukoni.

Sasa ile siku ya harusi ya Agnesi. Nitaisema kama ilivyokuwa, maana nimeshaisema mara moja kama isivyokuwa, na ndiyo iliyotufikisha hapa.

Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mfenesi tangu asubuhi. Wakwe walishafika kutoka Raskazone, Tanga mjini, kwa magari mawili, suruali zimenyooka mstari, wanawake wamevaa vitambaa vya sare. Sefu hakuonekana. Jua likapanda. Yule baba mkwe wa Agnesi akasogea, akaniambia mbele ya watu:

"Mkwe, jiko limelala. Au mbuzi wa kwenu anasubiri barua ya ruhusa?"

Wewe ukamjibu kwa heshima, "Tunamngoja mchinjaji, baba."

"Mchinjaji gani tena, na mwenye mji amesimama hapa na mikono yote miwili?"

Wakacheka. Wewe hukucheka, ulinitazama mimi, kwa sababu ulijua kitu gani kinaendelea kifuani mwangu. Mikono hii ilikuwa imekata mkonge tangu ujana. Wakata mkonge wa kambi tatu walikuwa wanakuja kuangalia ninavyokata. Halafu mtu wa ofisini anaiuliza mikono hii kazi yake ni nini. Nikachukua panga. Ukanishika shati. "Baba Agnesi, ngoja. Sefu hajawahi kutuangusha." Nikasema mchinjaji leo ni mimi. Na nikachinja.

Damu ilikuwa bado inachuruzika Sefu alipotokea kwenye kona anasukuma baiskeli, tairi la nyuma limelala chini. Amevaa kanzu, pindo amelikunja kiunoni, kisu kwenye gazeti, na kwenye keria ya nyuma tenga la samaki. Alikwenda Ushongo kabla ya alfajiri kuchukua nguru na changu, zawadi ya harusi ya mtoto ambaye yeye alimchinjia mbuzi wa ubatizo. Tairi likapasuka njiani. Akamtazama mbuzi. Akanitazama mimi. Akapita, akakupa tenga mlangoni pa jiko.

Wale akina mama wa Kiislamu waliokuwa wanatumenyea vitunguu tangu asubuhi, ambao mikono yao ilikuwa inanuka pilau letu, wakaweka visu chini polepole. Hilo ndilo lililokuuma wewe. Ukakimbia kwa majirani ukakusanya wali mweupe, ukakaanga samaki wa Sefu, wote, mafuta yanakurukia mikononi. Majirani wetu Waislamu wakala. Harusi ikaokoka.

Na mimi nikafanya nini? Nikasimama. Ningeweza kukaa. Nikasimama, nikapiga kifua, nikasema, "Ndugu zangu Waislamu, msidhani niliwasahau. Mimi ni mtu wa watu wote. Samaki hawa nimewaagiza mwenyewe Ushongo, kwa ajili yenu."

Wakwe wakapiga makofi.

Sefu alikuwa amekaa kwenye mkeka, kipande kimekaribia mdomo. Akakirudisha kwenye sahani. Akanawa. Akasema, "Haya jamani, kuleni samaki wa Mnyamwezi." Akaenda, anasukuma baiskeli yake.

Jioni, wageni wameondoka, uliniuliza maneno mawili tu: "Umeagiza lini?" Nikaenda kukusanya viti.

Jumapili iliyofuata ndipo ilipoanza. Tuko kanisani, wewe kushoto kwangu kama siku zote, tunasali Baba Yetu, nikasema utusamehe makosa yetu, na nilipofika pale pa kuwasamehe waliotukosea ulimi ukakataa. Mimi, Mama Agnesi, si mwongo mbele za Mungu. Mbele ya wakwe ndiyo, mara moja. Mbele za Mungu, hapana. Nikasema, siwezi kumwambia Mungu kwamba nimemsamehe Sefu na sijamsamehe. Basi nikanyamaza mpaka wenzangu walipopita pale, nikawadandia mbele. Nilijisifu kimoyomoyo kwamba mimi ni mkweli kuliko wote waliomo humo kanisani.

Wewe ulilisikia lile pengo. Nani mwingine angelisikia? Sauti za watu mia zinasali, na wewe unajua moja imekosekana. Ukageuza jicho, si kichwa, jicho tu. Na Jumapili zote baada ya hapo, tukifika pale, jicho lako linakuja. Siku moja tukitoka ukaniambia:

"Umekula nusu, umetema nusu."

"Nusu gani nimekula?"

"Ya kusamehewa."

Nikakuambia Sefu ndiye mwenye makosa, alichelewa. Ukasimama katikati ya barabara, ukafunga upya khanga yako, ukasema, "Amekukosea nini, Baba Agnesi? Amekuletea samaki?"

Nikaongeza mwendo. Mimi nikikasirika hutembea haraka, unanijua.

Miaka kumi na moja. Hebu waambie watu wa huko waniambie nani ameweza kununa miaka kumi na moja bila kupumzika hata Kwaresima. Idi ikija, mkewe Sefu anakuletea sinia, wewe unakula na watoto, mimi nasema tumbo linauma. Tumbo langu likawa linauma kwa kalenda. Krismasi tukawa tunakula samaki, kwa sababu ulikataa kabisa mbuzi aingie kwenye ule ua mpaka ashikwe na watu wawili. Na wewe hukunigombeza. Uliendelea kupeleka maandazi kule ng'ambo ya michongoma, ukirudi unanipa salamu za Sefu, na mimi nilijua Sefu hajanisalimu, umezitunga mwenyewe. Ule ndio uongo pekee uliowahi kuusema maishani mwako.

Halafu ile hospitali ya Tanga. Agnesi alikuwa amekuja kutoka Horohoro, ameuacha mgahawa wake pale mpakani, anakumenyea chungwa la kwenu Muheza. Hukuweza kulila. Ulichukua ganda ukalinusa. Ukaniita kwa kidole. Nikainama mpaka sikio langu likagusa mdomo wako.

"Nataka usali yote."

"Nitasali."

"Yote, Baba Agnesi."

Nikatikisa kichwa kukubali. Wewe unakijua kile kichwa changu, kinavyotikisika kwa watu wa serikali. Ukatabasamu, ukarudi kwenye ganda lako.

Na siku ya kukuzika nilishindwa mara nyingine, na hii ndiyo inayoniuma kuliko ya samaki. Kaburi lako lilichimbwa na vijana wa kwetu na wa kwao pamoja. Sanduku lilipofika, Sefu, mzee mzima, akarukia ndani ya kaburi. Akalala chali. Kazi ya mtani, ni haki yake. Watu wakaanza kucheka huku wanalia, kama ilivyo desturi. Sefu akapaza sauti kutoka mle ndani:

"Sitoki humu! Mama huyu hazikwi mpaka Mnyamwezi anipe shikamoo yangu!"

Watu wote wakanigeukia. Mama Agnesi, mlango ulikuwa wazi kiasi kile, na wewe mwenyewe ulikuwa pale shahidi. Neno moja tu. Nikatia mkono mfukoni nikatoa sarafu, nikamtupia mle kaburini, kama mtu anavyompa mtani asiyemjua ili atoke njiani.

Hakuna aliyecheka tena. Sefu akainuka, akajipangusa udongo, akatoka. Sarafu hakuiokota. Tukakuteremsha juu yake.

Miaka miwili nimekaa na hilo. Nafasi yako kwenye benchi haikukaliwa na mtu, niliiwekea kofia. Pale pa kunyamaza nikaendelea kunyamaza, na sasa hakukuwa na jicho la kunigeukia, na nilikuwa nalitafuta.

Sasa sikiliza. Jumuiya ilipofika kwetu, zamu ya nyumba yetu, mimi ndiye mwenye mji, mimi ndiye wa kuongoza sala. Zamani ulikuwa unaongoza wewe, mimi naleta viti. Nikaanza vizuri, sauti yangu unaijua, hata bila kengele inaita watu. Nikafika pale. Nikanyamaza kama kawaida yangu. Lakini mimi ndiye niliyekuwa naongoza! Na wao wakanyamaza. Watu wote kumi na tatu, macho yamefumbwa, wananingoja. Kuku akaingia, akatembea katikati yetu, akatoka. Mimi nikasema, "Amina."

Mama Hilda, mwenyekiti wetu, akafumbua jicho moja.

"Mzee, hii Baba Yetu ni ya wapi? Ya Tabora?"

Walicheka mpaka wakashikana. Mimi nilicheka pia, lakini walipoondoka nilikaa kwenye kiti chako nikahisi aibu iliyoanzia miguuni. Mtu mmoja akiruka, ameruka peke yake. Siku ile niliwarusha watu kumi na tatu.

Wiki hiyohiyo Agnesi akapiga simu. "Baba, sherehe ya Komunyo ya kwanza ya mjukuu wako Vero tunakuja kuifanyia nyumbani kwako. Mbuzi nakuja naye. Mchinjaji nani?" Nikaitazama michongoma mpaka akadhani simu imekatika. "Baba? Baba?" Mwisho nikasema, "Mlete mbuzi."

Akamleta, dume jeusi lenye ndevu kama za padre wetu wa zamani. Nikamfunga kamba ya singa, nyuzi za mkonge, niliyoisokota mwenyewe, wala hakuna anayesokota kamba kama mimi kutoka hapa mpaka Pangani mjini, nikatoka naye. Kupitia tundu la michongoma ni hatua ishirini. Mimi nilizunguka barabarani ili nipate muda wa kupanga maneno. Nilipanga hotuba nzuri sana, Mama Agnesi. Ilikuwa na mkonge ndani yake, na baba yangu, na mvua za zamani.

Sefu alikuwa amekaa kibarazani, anazamisha mpira wa baiskeli kwenye beseni la maji anatafuta tundu. Amezeeka. Mimi sijazeeka hivyo.

"Hodi."

Hakuinua kichwa. "Hodi ya nani hiyo? Sauti naijua, mtu simjui."

"Mwenye mbuzi."

"Aaa. Mbuzi mzuri." Akamtazama mbuzi, si mimi. "Karibu, mbuzi. Umekuja na mtu wako?"

Mbuzi akaenda akanywa maji ya beseni. Hotuba yangu ikapotea yote, sikuona hata mkia wake. Nikasema kitu cha kwanza kilichonijia:

"Panga langu limeisha makali."

"Siku ile lilikuwa kali sana."

Nikasimama pale na kamba mkononi. Nikakuona wewe umelala juu ya ile sarafu. Na ndipo nikajua kwamba hotuba haikuhitajika, kwamba lile neno lilikuwa linajulikana kwa watu wote tangu siku ya kaburi, hata tangu mwaka wa nzige.

"Shikamoo, Sefu."

Mpira ukamponyoka ukazama kwenye beseni.

"Umesemaje?"

"Umesikia."

"Wallahi sikio hili limezeeka, yakhe. Rudia."

"Shikamoo!"

Ona alivyo mjanja, akachukua mbili. Na mimi ndiye mkubwa! Lakini hakuitikia upesi. Alinitazama muda mrefu, na nikuambie kweli, niliogopa. Shikamoo isipoitikiwa mtu anaondoka nayo wapi? Mwisho akajifuta uso kwa kiganja chenye maji, sikujua lipi ni la beseni na lipi ni lake.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, ndugu yangu."

Kisha akaanza, Mzigua yule: "Sasa sema ya samaki."

"Samaki walikuwa wako."

"Hilo mimi nalijua, niliwabeba kwa mguu kutoka Ushongo. Wengine je?"

"Nitawaambia."

"Lini?"

"Siku ya mbuzi huyu. Mbele ya walewale."

"Na wale wenye magari?"

"Na wenye magari."

"Basi nitachinja. Lakini sikiliza, Mnyamwezi. Nitakuja na kisu changu kwenye gazeti. Nisipokusikia, nakifunga tena, naondoka, na huyu mtamla nusu yenu."

Jumapili ikafika. Mjukuu wako Veronika alivaa nguo nyeupe, amejishika mikono kama wewe ulivyokuwa unajishika ukienda kupokea, Agnesi alipoona akatoka nje ya kanisa. Tukarudi nyumbani. Sefu akavuka michongoma, ameoga, kanzu, gazeti. Nikashika miguu. Mikono haikuwa imesahau hata kidogo, ilijua wapi pa kubana na lini pa kulegeza. Akamwelekeza mbuzi kibla, akasoma Bismillahi yake, kisu kikapita mara moja. Akina mama wakavuta majungu. Ua wetu ulinuka tena, Mama Agnesi, ulinuka kama zamani.

Chakula kilipokuwa tayari nilisimama. Wakwe wa Raskazone wapo, jumuiya ipo, akina mama walewale wa vitunguu wapo, wawili wametangulia, labda mko nao. Sefu kwenye mkeka, gazeti lake amelitandaza juu ya goti, anasubiri. Kifua nilikitoa vilevile.

Nikasema, "Harusi ya Agnesi, mimi nilisimama hapahapa nikasema samaki nimewaagiza mimi. Nilisema uongo. Walikuwa samaki wa Sefu. Alimletea mtoto zawadi, nikampokonya mbele yenu, kwa sababu nilikuwa nimechinja kwa kiburi na niliona haya. Sefu, nisamehe."

Halafu Mama Hilda, kutoka upande wa majungu:

"Mzee, mbona tulijua!"

Ua mzima ukaangua kicheko. "Tulijua siku ileile!" "Wewe na kuagiza samaki, wapi na wapi!" Hata yule mkwe mwenye suruali iliyonyooka akasema, "Mkwe, hata sisi tulijua." Miaka kumi na moja wananiona nabeba mzigo ambao kila mtu anajua kilichomo ndani! Nikapandwa na hasira kidogo, siwezi kukuficha. Nikauliza, mbona hamkuniambia?

Sefu akajibu, "Tungekuambia, ungesema hata uongo wenyewe umeuagiza Ushongo."

Akakunja gazeti, akalitia mfukoni. Na mimi nikaanza Baba Yetu.

Nikafika pale. Kwa mazoea, ulimi ukasimama. Na nikageuza uso kushoto, mahali pako, na pale alikuwa amesimama Vero na nguo yake nyeupe, macho yamefumbwa, midomo wazi, ananingoja. Wote wananingoja. Nikasema, Mama Agnesi. Nikarudia nusu ile ya kusamehewa, nikasema na nusu hii ya kusamehe, zote mbili, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto Pangani. Hakuna mzee katika kigango hiki aliyewahi kulisali lile neno kwa sauti kubwa kama mimi, muulize katekista, alipoteza mahali, ikabidi anifuate mimi.

Tulipomaliza Sefu akanigonga kiunoni. "Mtani, kumbe sala yenu ndefu hivi? Kwako siku zote ilikuwa inakatika."

Tukala. Sahani moja, mimi na yeye. Alinipa ini, kama zamani, halafu akaninyang'anya nusu, kama zamani.

Basi, mke wangu, naishia hapa, daftari la Vero nimelimaliza. Ile sarafu uliyoilalia itupe huko, haina kazi tena. Agnesi anakusalimu. Sefu anakusalimu, na hizi salamu ni zake kweli, amenituma mwenyewe, amesema nikuandikie kwamba shikamoo alishaipata na wewe ushuhudie. Mwambie mama yangu akueleze habari ya nzige na meno.

Kofia nimeiondoa kwenye benchi, Vero anakaa hapo akija. Jumapili hii ibada ni saa moja asubuhi. Sikiliza vizuri, na tukifika pale usinigeuzie jicho. Nitakuwa naendelea.

Mimi mumeo, mwanafunzi wako wa V,
Baba Agnesi